Sura ya Kaisari, Kichwa cha Mkwawa

"Sisi hatununui picha, mama, tunanunua fedha." Ndivyo mnunuzi mmoja wa mjini Iringa alivyomwambia shangazi yangu, macho yake yakiwa kwenye namba za mizani wala si kwenye rupia iliyolala juu yake. Shangazi alikuja nayo kutoka Kalenga, ameifunga kwenye pindo la khanga kama alivyokuwa akiifunga marehemu mama yake. Upande mmoja ina mzungu mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma na juu ya kofia ametua tai aliyekunjua mabawa. Upande wa pili kuna simba na mnazi, na mwaka 1891. Mkwaruzo mrefu unakata shavu la yule mzungu. Mizani ilisoma gramu 11 na ushee, shangazi akapewa pesa ya jogoo. Haikupita muda rupia ileile, na mkwaruzo wake shavuni, ikaonekana kwenye kabati la kioo la mtu huyohuyo kwa bei ya mbuzi. Chini yake kikaratasi: "Kaiser Wilhelm, halisi."

Nilikwenda kumuuliza. Alinijibu kwa upole unaoudhi, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Picha ni pambo tu, mwalimu. Thamani iko kwenye madini." Tangu siku hiyo kauli hiyo imekaa kooni mwangu, na insha hii naiandika ili niiteme.

Swali lenyewe ni la zamani: sura iliyopigwa juu ya kipande cha fedha inafanya kazi gani? Wachumi wana maelezo yao kuhusu pesa, kwamba ni njia ya kubadilishana, ni kipimo cha thamani, ni akiba ya kesho. Sina ugomvi nayo, yapite. Ugomvi wangu ni na neno "tu" katika "pambo tu".

Nianze hapahapa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Ni mwaka uleule ulioandikwa kwenye rupia ya shangazi. Oktoba 1894 Gavana von Schele alikuja Kalenga na mizinga, na tarehe 30 ngome ikaanguka. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akaingia porini akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne. Wajerumani waliposhindwa kumkamata wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, maadui wakiwa wamemkaribia, alijipiga risasi. Wakakikata kichwa wakakipeleka boma la Iringa, na baadaye kikavuka bahari hadi Ujerumani.

Sasa tupige hesabu ambayo bwana wa mizani angeipenda. Rupia moja ina gramu 11.66. Rupia 5,000 ni kilo 58 na ushee, uzito wa mtu mzima asiye mnene. Lakini kila moja ya hizo, ikiwa ni ya kampuni ya Kijerumani, imebeba pia kichwa cha Wilhelm kilichozungushiwa maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Kwa hiyo vichwa 5,000 vya mfalme viliwekwa mezani ili kununua kichwa kimoja cha mtwa. Najua rupia za Kihindi zenye Malkia Victoria nazo zilizunguka kwa uzito uleule. Haya, mtoe Kaiser umweke malkia, hesabu haibadiliki.

Angalia tena yale maandishi. Ni Kilatini. Mwaka 1890, sarafu iliyotengenezwa ili itumike Bagamoyo, Tabora na Pangani iliandikwa lugha ambayo hakuna mchuuzi wa Bagamoyo aliyeijua, na hata askari wengi wa Kijerumani waliolipwa kwayo hawakuijua. Haikuandikwa ili isomwe. Aliyeichora alikuwa anamvisha Wilhelm vazi la zamani sana, vazi la dinari ya Roma.

Dinari ile ya fedha ilianza kupigwa yapata mwaka 211 KK, na kwa muda mrefu ilikuwa na miungu, magari ya farasi, na kichwa cha mungu mke Roma aliyevaa kofia ya vita. Baadaye wasimamizi wa kiwanda cha sarafu wakaanza kuingiza sifa za babu zao. Marehemu waliruhusiwa. Aliye hai hakuruhusiwa, mpaka mapema mwaka 44 KK ilipopigwa sura ya Julius Kaisari akiwa hai na mwenye nguvu zake. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo wakamchoma visu. Sisemi aliuawa kwa sababu ya sarafu; nasema waliomuua walijua kusoma sarafu. Maana mwaka 42 KK Brutus, kinara wao, alipiga dinari yake: upande mmoja visu viwili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, chini imetajwa ile siku ya Machi. Na upande wa pili? Sura ya Brutus. Mtu aliyeua kwa hoja kwamba Roma haina mfalme hakumaliza hata miaka mitatu kabla ya kujichora mahali palepale alipojichora yule mwingine.

(Sisi nasi, mwaka 1966, tulipotoa sarafu zetu za kwanza baada ya kuachana na zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, tuliweka kichwa cha Mwalimu Nyerere palepale vilipokaa vichwa vya wafalme wa Uingereza. Simlinganishi Mwalimu na Brutus. Nasema nafasi ile haikai tupu.)

Nirudi kwa bwana wa mizani. Najua wapo watakaoona namsumbua mfanyabiashara mdogo kwa jambo dogo. Wanivumilie. Kauli yake si yake peke yake. Nimeisikia kwa wasomi, nimeisikia kwa watu wa benki, na kila mara husemwa na mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Kama picha ni pambo tu, anieleze habari ya reali. Malkia Maria Theresa wa Austria alikufa mwaka 1780. Sarafu yake kubwa ya fedha, ya gramu 28, iliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne nzima baada ya kifo chake, daima ikiwa na mwaka uleule 1780 na sura ileile ya mama mnene mwenye ushungi. Ilipigwa Vienna, baadaye ikapigwa hata London, Rome na Bombay. Unguja waliitumia, Omani waliitumia, Uhabeshi waliitumia. Kwa nini mwaka haukubadilishwa? Kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walikuwa wakiishika sarafu na kuhesabu lulu kwenye bizimu la malkia. Lulu zisipotimia wanairudisha, fedha yake iwe safi namna gani. Hawa hawakuwa wapenzi wa sanaa. Walikuwa watu wa pamba, kahawa na bunduki, wajanja kuliko huyu bwana mara mia, na waliitegemea picha kwa sababu ndiyo iliyowahakikishia madini, si madini yaliyowahakikishia picha.

Atasema hayo ni ya wageni. Basi twende Roma, ambako ana imani zaidi, kwa kuwa huko anaamini fedha ilikuwa fedha. Wakati wa Augusto dinari ilikaribia kuwa fedha tupu. Mwaka 64 BK Nero akaipunguza uzito na usafi. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, Mwafrika kwa kila ramani, akaifikisha karibu nusu kwa nusu. Ilipofika miaka ya 260, chini ya Gallienus, sarafu iliyokuwa imechukua nafasi ya dinari ilikuwa shaba iliyopakwa fedha, fedha yenyewe haifiki asilimia 5. Madini yalikimbia. Kilichobaki mahali pake, kimevishwa taji, kinatazama kulia, ni sura. Askari aliyelinda mpaka wa Danube alilipwa sura. Ndiyo, bei za vitu zilipanda, na hoja hiyo ni nzito.

Na leo je? Shilingi 500 iliyo mfukoni mwa msomaji, ile ya mwaka 2014 yenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande mwingine, ni chuma kilichopakwa nikeli. Mpelekee huyu bwana aiweke juu ya mizani yake. Nataka nione atakupa shilingi ngapi kwa gramu.

Kisha kuna kodi, na hapa ndipo hasira yangu inapopata miguu. Mwaka 1898, mwaka uleule wa Mlambalasi, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba: rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni walipokea pia mazao na kazi ya mikono, lakini kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilitaka sarafu. Mtu wa Uhehe mwenye ng'ombe, mahindi na ulezi wa kutosha alikuwa bado na deni, kwa sababu hakuwa na kile kichwa chenye tai. Ilibidi aondoke akakitafute katika mashamba ya walowezi, au barabarani, au kwa kumbebea mtu mzigo hadi pwani. Kichwa kile ndicho kilichomtoa nyumbani, wala haikuwa ile fedha. Fedha angeweza kuvaa mkononi kama bangili, na karani asingeipokea.

Wasomaji Wakristo wanakumbuka wale waliomjia Yesu na mtego wa kodi. Aliomba waonyeshe dinari, na kwa kawaida hudhaniwa ilikuwa ya Tiberio. Akawauliza sura ile ni ya nani na maandishi yale ni ya nani. Hakuuliza ina gramu ngapi.

Na kama hayo ni ya kale mno, tuvuke Namanga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 231, inakataza noti na sarafu kuwa na picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na tembo. Mwaka 2019 zikaja noti zenye jengo la KICC, na mbele ya jengo kuna sanamu ya Jomo Kenyatta ameketi. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kudai kwamba sanamu hiyo ni sura ya mtu aliyerudishwa kwa mlango wa nyuma. Alishindwa kesi, noti zikaendelea. Lakini mawakili walivaa majoho, majaji wakaandika hukumu, magazeti yakajaa. Taifa halifanyi yote hayo kwa sababu ya pambo.

Ila ushahidi mkubwa kuliko wote ni yeye mwenyewe. Alipokuwa ananunua, sura haikuwa na bei. Alipokuwa anauza, sura ndiyo iliyokuwa bei. Falsafa yake ni nyumba yenye milango miwili, na shangazi alielekezwa ule unaolazimu kuinama. Nimeanza kuamini kwamba hakuna mtu anayesema "picha ni picha tu" akiwa hana faida ndani yake. Mkoloni alilisema kuhusu vinyago: mbao tu, huku akivifunga vizuri kwenye makasha. Wenye makumbusho walilisema kuhusu mifupa: mfupa tu, namba fulani, rafu fulani, urefu kadhaa, upana kadhaa. Kukana maana ya kitu cha mwenzio ni hatua ya kwanza ya kukichukua kwa bei nafuu. Baada ya hapo maana hurudi yenyewe, ikiwa imeshahamia kabatini kwako.

Kuna pingamizi nyingine za haki. Watu wengi hupokea chenji bila kuitazama; kweli. Na pwani yetu ilifanya biashara karne nyingi kwa sarafu zisizo na sura ya kiumbe. Kweli pia, tena hapo naomba nikae kidogo, kwa maana napapenda.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, na mmoja wao, al-Hasan bin Sulaiman, aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, alipiga hata za dhahabu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuzi walifukua akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha za watawala wa mahali palepale, vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hakuna masharubu humo, hakuna kofia wala tai. Kuna jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina kina kimoja. Yaani ni ubeti. Ukitaka kuumaliza lazima uigeuze sarafu. Fikiria mchuuzi wa Kilwa anahesabu malipo ya shehena ya pembe, na kila kipande kinachopita kwenye vidole vyake ni nusu ya shairi inayoitafuta nusu yake. Sarafu za Kilwa zilisafiri mbali. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Kwangu mimi lililo kubwa ni kwamba mtawala aliamua kutambulika kwa sikio badala ya jicho. Aliyemiliki sarafu ile hakutazamwa na mtu. Alisomewa. Najiuliza kama mtu aliyezoea kutamka jina la mtawala huwa mtiifu kuliko yule aliyezoea kuona uso wake, au huwa huru zaidi, na kila nikilijibu swali hili jibu la jana linanicheka.

Nimetoka nje ya njia. Turudi Kalenga, ila kwa kupitia Roma kwanza.

Roma haikupiga sura za washindi peke yao. Mwaka 48 KK afisa wa sarafu aliyeitwa Hostilius Saserna alitoa dinari yenye kichwa cha mateka kutoka Galia: nywele zimerushwa nyuma, ndevu zimechongoka, mashavu yamebonyea, mnyororo shingoni. Wengi hupenda kusema ni Vercingetorix, kiongozi aliyejisalimisha kwa Kaisari pale Alesia mwaka 52 KK na kuuawa Roma mwaka 46 KK, lakini wataalamu hawakubaliani. Baada ya mwaka 70 BK, Vespasian alipiga dinari ya Uyahudi iliyoshindwa, mwanamke ameketi akiomboleza chini ya silaha zilizotekwa. Hadrian naye alipiga dinari ya Afrika, mwanamke amejilaza, amevaa ngozi ya kichwa cha tembo kama kilemba. Hivyo ndivyo bara letu lilivyoingia kwenye fedha ya wenyewe: limelala.

Hapa hoja yangu inaanza kunigeukia. Dinari ya yule mateka ilipigwa ili kumdhalilisha, na leo, kama kweli ni Vercingetorix, imebaki karibu peke yake kutuonyesha uso wake. Mwaka 1865 Napoleon III alimsimamishia sanamu kubwa kule Alesia, na inasemwa uso wa sanamu ulifananishwa na uso wa Napoleon mwenyewe. Kwa hiyo adui alimtunzia sura yake, na aliyejiita mrithi wake akaivaa.

Mkwawa hakupigwa kwenye sarafu ya mtu. Adui zake walitunza mfupa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake kwa Waingereza ndani ya miezi sita, lakini halikuonekana. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi rafuni, na akalitafuta la Mkwawa kwa vipimo: uwiano wa urefu na upana uliokaribiana na wa jamaa yake, Chifu Adam Sapi, na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga. Adam Sapi baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Wapo wenye shaka kama fuvu ni lenyewe, nao wana haki ya kuwa nayo. Ninachokiona mimi ni hiki: uso wa Wilhelm tunaujua mpaka ncha ya sharubu, na wa Mkwawa uliulizwa rula.

Vijana wa Iringa huwa wanauliza kwa nini Mkwawa hayupo kwenye shilingi, wakati Nyerere, Karume na Mwinyi wapo. Kila nikitaka kuwaunga mkono nasita. Uso gani? Picha yake halisi sijawahi kuiona; kilichopo ni michoro ya kukisia. Tukipiga sura ya kubuni tutakuwa tumefanya kama Napoleon. Tukipiga fuvu tutakuwa tumefanya kama Saserna, tena kwa kodi yetu wenyewe. Au tufanye kama Kilwa, tupige jina lake na nusu ya ubeti wa Kihehe, nusu nyingine iwe upande wa pili? Napenda wazo hilo, kisha nakumbuka kwamba mtu aliyepigana ili asiwe chini ya sarafu ya yeyote huenda asingependa kuwa juu ya sarafu yoyote. Sijui tuishie wapi. Hata fuvu lile ndani ya kioo cha makumbusho ya Kalenga linanitia mashaka yaleyale: Bremen lilikuwa namba, hapa lina jina na heshima, lakini bado ni kichwa kinachotazamwa na mpita njia aliyelipa kiingilio.

Shangazi hana mashaka hayo. Nilipomwambia amedhulumiwa alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kile kichwa chao kimekaa kwetu muda mrefu kuliko chetu kilivyokaa kwao. Acha kiende." Nimepiga hesabu na yuko sahihi: cha kwetu kilikaa huko miaka 56. Lakini kuwa sahihi kwake hakumfanyi yule bwana awe sahihi, na mimi sijasamehe.

Nyumba nyingi za Kalenga, Tosamaganga hadi Mbeya bado zina rupia, reali au heller za Kijerumani kwenye makopo ya chai na mapindo ya khanga. Mwenye nayo asiikimbize mjini. Aipige picha pande zote mbili, aandike iliingiaje nyumbani, kama ni mshahara wa askari, mahari au chenji ya kodi, na amwonyeshe zaidi ya mnunuzi mmoja. Na ukiambiwa picha haina bei, chukua sarafu yako uondoke.